Seji ya Mjomba

Mjomba aliishika seji yangu kwa mkono wa kushoto, akayakusanya mashina yote kiganjani kama mtu anayekusanya nywele za mtoto kabla ya kumnyoa, kisha akapitisha mkasi chini kabisa, vidole vitatu kutoka ardhini. Krr, krr, krr. Haikupita dakika moja, mmea niliokuwa nikiwaonyesha wageni kwa mwezi mzima ukabaki kifungu cha majani mafupi na vikonyo vilivyokatwa. Masuke ya zambarau yalilala njiani. Machache yalikuwa bado na maua kwenye ncha, na nyuki mmoja aliyekuwa kazini hakuondoka hata baada ya shina lake kuanguka.

Nilinyamaza. Mjomba ni mjomba, na mmea wenyewe alinipa yeye. Lakini uso wangu aliusoma.

"Mwanangu," akasema, "hebu inama uangalie."

Nikainama. Pale chini, katikati ya vikonyo, palikuwa na vichipukizi vya kijani, vidogo kama kucha za mtoto, vimebanana vikiligusa udongo. Vilikuwepo siku zote hizo. Mimi nilikuwa nikitazama maua tu, na maua yako juu.

Wiki tano baadaye seji ile ilichanua tena. Masuke yalikuwa mafupi kidogo kuliko ya kwanza, lakini rangi ilikuwa ileile, zambarau nzito inayokaribia weusi jua linapoanza kushuka. Tangu siku hiyo nimepanda seji za aina nyingi, nyingine zimestawi, nyingine zimenifia mikononi, na karibu kila nilichojifunza kilianzia pale chini, vidole vitatu kutoka ardhini.

Kwanza nieleze ni mmea gani, maana wengi wakisikia seji hufikiria kiungo cha jikoni. Hicho nacho ni seji, Salvia officinalis, chenye majani ya kijivu na asili ya nchi za Mediterania. Lakini ni spishi moja tu kati ya karibu 1,000 za jenasi ya Salvia, jenasi kubwa kuliko zote katika ukoo wa mnanaa na mrehani. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiorodhesha kwa jina hilo mwaka 1753, naye alilichukua kutoka Kilatini, ambako neno hilo lina ukoo na maneno ya usalama na afya njema. Zaidi ya nusu ya spishi zake ni za bara la Amerika, kuanzia Meksiko hadi Argentina. Kundi jingine kubwa liko Mediterania na Asia ya kati, jingine Asia ya mashariki, na Afrika nayo ina zake: Salvia nilotica huota yenyewe kwenye nyanda za juu kuanzia Ethiopia kushuka Afrika Mashariki, na watu wengi huipita njiani bila kujua kuwa ni ndugu wa seji za bustanini. Hata rosimari imo humu. Mwaka 2017 wataalamu waliolinganisha vinasaba walionyesha kuwa rosimari ni seji miongoni mwa seji, na sasa jina lake la kisayansi ni Salvia rosmarinus.

Seji unaitambua kwa vidole kabla ya macho. Shika shina changa, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada: lina pembe nne. Majani hutoka mawilimawili, yakielekeana, na kila jozi hukaa msalaba na ile iliyo chini yake. Sugua jani moja, unuse. Nyingine zina harufu ya kafuri, nyingine ya nanasi, nyingine harufu kali ambayo si kila mtu ataipenda. Harufu hiyo hutoka kwenye mafuta yaliyomo ndani ya vinyweleo vidogo vya jani, na ndiyo sababu sungura na swala kwa kawaida huziacha seji na kula mengine yaliyo jirani.

Ua lenyewe linastahili dakika kumi za mtu yeyote. Lina midomo miwili. Mdomo wa juu umepinda kama kofia, wa chini umejitandaza kama baraza, na nyuki hutua hapo barazani. Stameni, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua, ni mbili tu, zimejificha chini ya kofia, na kila moja imeundwa mfano wa pembea: upande mmoja mrefu wenye chavua, upande wa pili mfupi, umeziba mlango wa kuingilia kwenye mbochi, yale maji matamu ya ua. Nyuki akisukuma kichwa kufuata utamu, anausukuma ule upande mfupi, na ule mrefu unashuka kutoka kofiani na kumpaka chavua mgongoni. Akirudi nyuma, pembea inarudi mahali pake. Kisha ua likizeeka kidogo, kijiti chenye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kinarefuka na kuinama hadi usawa wa mgongo wa nyuki, na nyuki anayefika na chavua ya ua jingine anaigusa stigma palepale alipopakwa. Christian Konrad Sprengel, Mjerumani aliyekaa miaka mingi akitazama maua na wadudu, alieleza mtambo huu mwaka 1793, na wenzake wengi wakati huo hawakumsikiliza.

Mimi niliujaribu kwa unyasi. Nilichuma unyasi mwembamba mkavu, nikausukuma taratibu ndani ya ua la seji lililofunguka asubuhi ile, na vile vijiti viwili vikashuka na kuuchora unyasi mistari miwili ya vumbi la manjano. Nilifanya hivyo kwa maua kama ishirini. Baadaye nikamwita mtoto wa jirani naye akafanya kwa maua mengine ishirini, na tangu siku hiyo hapiti karibu na seji bila unyasi mkononi. Ukiwa na mtoto anayedai mimea inachosha, mpe unyasi.

Sasa nirudi kwenye kifo, kwa sababu seji yangu ya kwanza kabisa haikuwa hii ya mjomba. Niliinunua mwenyewe, nikaipanda kwenye shimo nililolijaza samadi iliyooza vizuri, kwenye kona yenye udongo mfinyanzi mweusi niliouona kuwa ndio udongo bora wa bustani yote. Niliimwagilia asubuhi na jioni. Aliyeniuzia aliniambia mmea huu unapenda maji, nami nikamwamini. Wiki mbili za mwanzo ilirefuka haraka, majani makubwa, laini. Kisha ikaanza kuanguka pembeni kama mtu aliyelewa usingizi. Nikaona majani yamenyauka, nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza kwenye vidole, ina harufu ya maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa.

Mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, kwa kuwa yote miwili haipati maji juu. Hapa ndipo watu wengi wanapoziua seji, na wanaziua kwa kuzipenda. Kabla ya kumwaga maji, ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu na majani yamelegea, tatizo haliko kwenye ndoo. Na usihukumu mmea saa saba mchana. Seji nyingi hulegeza majani jua likiwa kali na kuyainua tena jioni. Iangalie asubuhi: ikiamka imelegea, hapo ina shida kweli.

Ya mjomba niliipanda tofauti, kwa sababu alikuja nayo mwenyewe akiwa ameifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, akaitazama ile kona yangu nyeusi, akatikisa kichwa. Alichagua mahali nilipokuwa nikipadharau, ukingoni mwa njia, penye mchanga na vijiwe, jua likipiga tangu asubuhi mpaka alasiri. Seji nyingi za maua zinahitaji saa sita za jua au zaidi kwa siku. Kwenye kivuli hazifi haraka, zinarefuka tu zikitafuta mwanga, mashina yanakuwa membamba, na masuke yakitoka yanalala chini. Kuhusu udongo, swali langu la kwanza siku hizi ni muda gani maji hukaa. Nachimba shimo lenye kina cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, nalijaza maji, naliacha liishe, nalijaza tena. Mara ya pili maji yakiwa bado yamo saa nne baadaye, hapo sipandi seji mpaka niinue tuta. Tuta la kimo cha shubiri moja, udongo wa pale pale uliochanganywa na mchanga mnene wa kokoto na mboji kidogo, limeniokolea mimea mingi kuliko mbolea yoyote.

Mbolea yenyewe sina mengi ya kusema. Koleo moja la mboji kuzunguka kila mmea mara moja kwa mwaka, basi. Naitrojeni nyingi hutoa majani mengi na maua machache, na mmea hupasuka katikati kama kitabu kilichofunguliwa kwa nguvu.

Kuna jambo dogo ambalo mjomba alinirudisha nilifanye tena: nilipofukia, udongo ulipanda juu ya shingo ya mmea, pale mashina yanapokutana na mizizi. Akaufagia kwa vidole mpaka shingo ikaonekana. Hata matandazo nikiyaweka leo, nayaacha mbali na shingo kwa upana wa kiganja, na kwenye seji za majani ya kijivu natumia changarawe badala ya nyasi, maana nyasi hushika unyevu. Nafasi kati ya mmea na mmea kwa zile fupi ni sentimita 40 hivi. Zile zinazofika kimo cha kifua nazipa mita moja. Mara nyingi jirani wa karibu mno ndiye anayeleta ubwiri unga, ule utando mweupe kama unga uliopepetwa juu ya majani, kwa sababu hewa haipiti.

Maji ya mwaka wa kwanza ni kazi. Nilimwagilia kila baada ya siku tatu au nne, polepole, hadi chini kabisa, kisha nikaacha sehemu ya juu ikauke kabla ya kurudia, ili mizizi ifuate unyevu kwenda chini. Mwaka wa pili nilimwagilia ukame ulipozidi. Mwaka wa tatu sikumbuki kama niliigusa kwa ndoo. Hapo nazungumzia iliyo ardhini. Ya kwenye chungu haina pa kwenda kutafuta maji, hivyo inakutegemea wewe daima.

Nimesema mjomba alinifundisha kukata. Nilivyolipokea somo lile ndivyo nilivyoua mmea wa tatu.

Mwaka uliofuata nilipata seji nyingine, Salvia microphylla, yenye maua mekundu madogo na kimo cha paja langu. Ilichanua miezi mingi bila kupumzika. Ilipochoka, nami sasa nikijiona fundi, nikayakusanya mashina kwa mkono wa kushoto na kupitisha mkasi vidole vitatu kutoka ardhini. Mkasi ulikuwa mgumu kupita, na hilo pekee lilipaswa kuniambia kitu. Nilisubiri. Wiki nne, hakuna. Wiki nane, hakuna. Nikakwangua gome kwa ukucha: kahawia, kavu, hadi ndani. Nilipomweleza mjomba, aliniuliza swali moja tu.

"Uliinama kwanza?"

Sikuinama. Ningeinama, ningeona pale chini hapakuwa na kichipukizi hata kimoja, ni mti mtupu. Seji hazikatwi kwa namna moja kwa sababu hazijengwi kwa namna moja, na nitaeleza hili kwa kirefu kwani vitabu vingi hulipitia juu juu.

Ziko seji laini zinazotoka ardhini upya kila msimu. Ya mjomba ni ya kundi hili, pamoja na ndugu zake wa Salvia nemorosa, ambazo asili yake ni Ulaya ya kati hadi Asia ya magharibi. Vichipukizi vyake vipya vinaishi chini kabisa, usawa wa udongo, na mashina yenye maua yakimaliza kazi hayana tena faida kwa mmea. Hizi ndizo unazoweza kuzinyoa. Wakati wake ni pale theluthi mbili za chini za kila suke zimebaki vikombe vitupu na maua yamesalia nchani tu. Ukingoja mpaka suke lote likauke, mmea umeshatumia nguvu zake kutengeneza mbegu, na maua ya pili yatachelewa au hayatakuja. Roho huuma kukata kitu ambacho bado kina rangi. Nami bado huniuma, miaka hii yote. Siku hizi nazikata kwa zamu, nusu ya mimea wiki hii na nusu baada ya wiki mbili, ili nyuki wasikose pa kwenda.

Ziko zinazojenga mti. Seji ya jikoni, rosimari, Salvia greggii na ile microphylla niliyoiua zimo humu. Mashina yake ya chini hugeuka kuwa mbao, na kwenye mbao kuukuu isiyo na jani, jicho jipya halitoki kwa urahisi, mara nyingi halitoki kabisa. Hizi hupunguzwa kwa theluthi moja, pengine nusu, na kila pale unapokata lazima pabaki majani hai chini ya mkasi. Wakati wake ni mmea unapoanza kuamka na kuchipua. Ukizikata kabla tu ya baridi kali, unaalika machipukizi laini kwenye sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi. Na seji ya jikoni, hata ukiitunza namna gani, baada ya miaka minne au mitano hujaa mbao na kutanuka katikati. Mimi huanzisha mche mpya wakati ule wa zamani ungali na nguvu.

Kisha ziko ndefu za Amerika, nazo ndizo ninazozipenda kwa ukubwa wake usio na aibu. Salvia guaranitica, ya Brazili, Paragwai, Uruguay na Argentina, hufika mita moja na nusu na hutunza akiba kwenye mizizi minene kama viazi vidogo. Maua yake ya buluu ni marefu na membamba, yameumbwa kwa mdomo wa ndege kuliko ulimi wa nyuki, na nyuki wengine wakishindwa kufika hutoboa tundu ubavuni na kuiba mbochi bila kugusa chavua. Tazama chini ya ua, utayaona matundu. Salvia leucantha ya Meksiko, yenye vikombe vya zambarau vilivyo laini kama mahameli, huanza kuchanua siku zinapofupika. Hii ukiikata ncha mapema inajaza matawi, lakini ukichelewa, siku zikiwa zimeshaanza kupungua, unakata maua yenyewe kabla hujayaona. Zote mbili hunyauka juu baridi ikiwa kali na kurudi kutoka chini. Penye sakitu nisingezikata mpaka baridi iishe, maana mashina makavu huikinga shingo, na rundo la majani makavu juu yake husaidia zaidi. Nemorosa hazihitaji hata hilo. Hustahimili baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na adui yao wakati huo ni maji yaliyotuama tu.

Wadudu niwapitie haraka, kwa kuwa seji si mmea wa kusumbuliwa. Vidukari hukaa kwenye ncha laini za mmea uliolishwa mbolea kupita kiasi, na maji ya bomba yenye nguvu huwaondoa. Utitiri mwekundu huja penye joto na vumbi, majani yakawa na vidoa vingi vya rangi hafifu, hasa kwenye vyungu vilivyo karibu na ukuta. Nzi weupe ni wasumbufu ndani ya nyumba, nje hawanisumbui. Konokono hupenda machipukizi ya kwanza ya guaranitica, hivyo natoka usiku na taa.

Neno moja la tahadhari: seji ya jikoni huliwa, lakini hilo halifanyi kila seji ya maua kuwa chakula au dawa. Jenasi hii imejaa kemikali kali, na hata mafuta ya seji ya jikoni yana thujoni, sumu kwa kiasi kikubwa. Za maua niachie za maua.

Kuzalisha ndiko nilikofika kwa kuchelewa, na sasa ndiko ninakotumia muda mwingi. Mbegu zinawezekana. Kila ua huacha hadi mbegu nne chini ya kikombe chake, na mbegu za seji nyingi zikilowa huvaa utelezi kama za mrehani. Chia inayouzwa kila mahali nayo ni seji, Salvia hispanica, na utelezi wake ni huohuo. Mbegu hizo hunyunyizwa juu ya udongo na kubonyezwa tu, bila kufukiwa kwa kina. Lakini mche wa mbegu unaweza kuwa na rangi na kimo chake mwenyewe. Ukitaka mmea uleule, lazima ukate.

Vipandikizi vyangu huvichukua asubuhi, kutoka matawi yasiyo na ua, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo. Nakata chini tu ya kifundo cha majani, maana hapo ndipo mizizi hutoka kwa wingi, naondoa majani ya chini, nabakiza jozi mbili za juu, na yakiwa makubwa nayakata nusu. Kisha kwenye mchanganyiko wa nusu mchanga na nusu mboji iliyochekechwa, ndani ya kivuli chenye mwanga, nikifunika kwa mfuko mwangavu ninaoufungua kila siku kidogo ili kusiwe na ukungu. Baada ya wiki tatu nakivuta kimoja kwa upole. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Zile laini za kundi la mjomba hugawanywa. Baada ya miaka mitatu au minne niliona katikati ya mmea pamekuwa na upara, mashina yote yanatoka pembeni. Nikauinua wote kwa uma wa bustani, nikautikisa udongo, nikaupasua kwa kisu vipande vinne, kila kimoja na mizizi yake na vichipukizi vyake. Kile cha katikati kilichokauka nilikitupa.

Nikiwa nafanya hivyo nilikiona kibao cha plastiki mjomba alichokuwa amekichomeka siku ya kwanza, kimefukiwa na mboji ya miaka. Nilikiosha. Kwa mwandiko wake wa kalamu nzito kilisomeka: Mainacht. Ni Kijerumani, maana yake usiku wa Mei. Seji hiyo ilitolewa mwaka 1956 na Karl Foerster, mkulima wa maua wa Bornim, pembeni mwa Potsdam, mzaliwa wa mwaka 1874, ambaye wakati huo alikuwa ameshavuka umri wa miaka 80. Mwaka 1997 chama cha Perennial Plant Association kiliiteua kuwa mmea wa kudumu wa mwaka. Sijui mjomba aliipata kwa mkono wa nani.

Nilikaa chini na kile kisu. Mainacht haizalishwi kwa mbegu, kwa hiyo kila Mainacht iliyo hai ni kipande cha mmea uliokuwa kipande cha mmea mwingine, kurudi nyuma hadi kwenye shamba la yule mzee. Mwaka baada ya mwaka mtu fulani aliinama, akaangalia pale chini, akapasua. Vile vipande vinne miguuni pangu vilikuwa mwili uleule aliouchagua Foerster katikati ya miche mingine, na ulikuwa hai kwa sababu haukuacha kukatwa.

Vipande vitatu nilivipanda ukingoni mwa njia. Cha nne nilikiweka kwenye chungu, bila kujua ni cha nani.

Mvua za mwaka ule zilikuwa ndefu. Nilipokwenda kumtembelea mjomba nilikuta upande ule wa bustani yake umetuama maji kwa wiki kadhaa, kwa kuwa njia ya maji ilikuwa imebadilishwa na mafundi waliokuwa wakijenga karibu. Seji zake zote zilikuwa zimeoza. Hakuwa ameniambia. Alikuwa amesafisha, amesawazisha udongo, ameacha hivyo hivyo. Nilimuuliza kama atapanda tena, akasema umri wake si wa kuanza kutafuta miche.

Jumapili iliyofuata nilirudi na kile chungu. Kilikuwa kimeshika vizuri, majani yamekunjuka, na masuke mawili yameanza kufungua maua ya chini. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili. Hakusema kitu kwa muda. Aliketi kwenye kigoda, akapekua majani kwa vidole mpaka akafika shingoni, akahesabu vichipukizi kwa sauti ya chini: saba.

Tulichimba pamoja, mimi nikiwa na jembe, yeye akinielekeza, na safari hii tulipandisha tuta. Nilipotaka kuuweka mmea shimoni aliniinulia mkono nisubiri. Akatoa mkasi mfukoni, akayakata yale masuke mawili, ili mizizi ishike kwanza kabla ya maua, kisha akayafunga pamoja kwa jani la unyasi na kunipa niende nayo nyumbani.